Sauti Aliyorudi Nayo Kiprono

Jumapili moja hivi majuzi nilikuwa kwa kaka yangu Kiprono kule Soin. Nilikuwa nimekaa nyuma ya jikoni nikichambua mboga za managu, nikamsikia binti yake sebuleni akifanya kazi ya shule. Yuko Gredi ya Nne. Mwalimu alikuwa amewapa maneno marefu ya Kiingereza wayakate silabi kwa silabi, kisha wapige mstari chini ya silabi yenye mkazo. Mtoto alikuwa akiyapigia makofi. "Re-spon-si-BI-li-ty," alisema, na kofi la "bi" likatoka kubwa kuliko mengine. Halafu baba yake akalirudia lile neno, polepole, na mtoto akacheka.

"Si hivyo, Baba. Mkazo umeuweka pahali si pake. Rudia."

Akarudia.

"Bado, Baba."

Hakuna aliyekasirika. Kaka alicheka pamoja naye, akamwambia basi amfundishe. Lakini mikono yangu ilikuwa imesimama juu ya mboga. Soin ni chini, kuna joto na vumbi, hata ukitembea siku nzima huwezi kuona mchai mmoja. Hata hivyo pale nilipokaa ilinijia puani harufu ya majani mabichi ya chai yaliyoloa, na nikajua mahali mawazo yangu yalipokwenda kabla mimi mwenyewe sijataka kwenda huko.

Sisi tulilelewa juu, upande wa Kiptere. Nyumba yetu ilikuwa mwisho wa njia ya udongo mwekundu, na chai ilianzia hapo tulipoanika nguo ikateremka mpaka mtoni, kijani kitupu, imekatwa juu sawasawa hata mtoto angedhani unaweza kuikalia. Baba alikuwa dereva wa lori la kubeba majani kupeleka kiwandani. Mama alichuma shamba letu wenyewe. Ng'ambo ya ua, katika nyumba yake ndogo, aliishi Kogo, mama yake Baba. Kogo ndilo neno letu la nyanya. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na utando mweupe, na alichoona ni mwanga na vivuli tu. Watu aliwajua kwa sauti. Ungeingia kwake ukasema neno moja, naye angekuambia wewe ni nani, umetoka wapi, na kama umekula.

Kiprono alikuwa Kidato cha Pili, mimi darasa la tatu. Alitaka kuwa msomaji wa habari redioni, na hakuwa akitania. Alisoma kila kitu chenye Kiingereza kilichoingia katika boma letu: gunia la mbolea, kopo la dawa ya ng'ombe, gazeti lililofungiwa nyama. Wengi wetu huku tulichanganya b na p tulipozungumza, tukachekwa na wageni, lakini yeye alikuwa amejifunza kuzitenganisha. Alikaa mbele ya kioo cha Mama akiweka kiganja mdomoni, ahisi kama pumzi inatoka.

Jioni alinisubiri njia panda ili turudi pamoja, na hapo ndipo alipokuwa na mchezo wake. Tulitembea tukikata maneno. Kila silabi ilikuwa hatua, na silabi yenye uzito, ndivyo alivyouita mkazo, ulipaswa kuikanyaga kwa nguvu mpaka vumbi liruke.

"Kiswahili ni rahisi," aliniambia. "Uzito unakaa pahali pamoja tu, silabi ya pili kutoka mwisho. Mwa-LI-mu. Ba-ra-BA-ra. Ni kama ng'ombe amefungwa kamba. Kiingereza hakijafungwa. Kinazurura."

Kisha akanionyesha: PHO-to-graph, akakanyaga mwanzoni. Pho-TO-gra-pher, akakanyaga katikati. Pho-to-GRA-phic, akakanyaga mbele zaidi na kunirushia udongo kwenye soksi.

"Nani anausongesha?" nikamuuliza.

"Hakuna mtu. Unausikia tu."

"Na ukikosea?"

Akasimama akafikiri, maana hakuwa mtu wa kumjibu mtoto ovyo. Akaniambia kuna maneno ambayo uzito ukihama yanakuwa maneno mengine kabisa. PRE-sent ni zawadi. Pre-SENT ni kutoa, kukabidhi. Herufi ni zilezile, zimepangwa vilevile, ukiyaandika huwezi kuyatofautisha. "Lakini si neno moja, Chelangat. Mtu akikuita na uzito mbaya, hakuiti wewe."

Nililichukua jambo hilo kama watoto wanavyochukua mambo, nikaliweka ndani mahali ambapo sikuliona tena mpaka lilipoamka lenyewe.

Muhula ule shule yao ilimchagua aende kuzungumza kwa Kiingereza mbele ya shule nyingine, na kila jioni alibaki kufanya mazoezi. Siku moja mawingu yaliteremka mapema. Ikaja mvua ya mawe, ile ambayo watu wa kwetu wanaijua, inayopiga mabati mpaka watu wa nyumba moja wanazungumza kwa ishara. Ilipopita, kila kitu kilikuwa cheupe, na chai ilikuwa imechanwachanwa kama mtu ameipitia na panga butu. Kiprono alikuwa amepanda pikipiki ili awahi nyumbani. Pale chini ya boma letu, kwenye kalvati, lile bomba la saruji linalopitisha maji chini ya barabara, pikipiki iliteleza juu ya barafu. Mwenye pikipiki aliumia mkono. Kiprono alitupwa, kichwa kikagonga ukingo wa saruji.

Baba ndiye aliyemkuta, kwa sababu lori lake lilikuwa la kwanza kupita. Lilikuwa limejaa majani. Alimbeba mwanawe akamlaza juu ya yale majani, akaendesha hadi hospitali. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nikaliona lori likigeuza na kuondoka bila kufika nyumbani. Sikuelewa kwa nini Mama alikuwa akilikimbilia akiwa peku juu ya mawe yale meupe.

Kiprono alikaa hospitali muda mrefu. Chai iliyochanwa ilichipua tena ikachumwa, na bado hakuwa amerudi. Mimi sikupelekwa kumwona. Nilirudi kutoka shuleni peke yangu, na sikuthubutu kukanyaga neno lolote.

Siku aliyorudi nilikuwa nimeoga na kupakwa mafuta kama siku ya Krismasi. Aliteremka kwenye lori akishikwa na Baba. Kichwa kilikuwa kimenyolewa, na upande mmoja palikuwa na kovu refu lililong'aa. Mguu wa kulia ulijikokota nyuma ya mwenzake. Lakini uso ulikuwa wa Kiprono, na pengo la jino lilikuwa la Kiprono, nikaenda mbio nimkumbatie. Akafungua mdomo kuniita.

"Che-la-NGAT."

Uzito ulianguka mwishoni kabisa, kama mlango uliopigwa na upepo. Nikasimama. Sauti yenyewe, unene wake, ilikuwa karibu na ya zamani. Lakini ilipanda mahali pa kushuka na kushuka mahali pa kupanda. Alisema "nimerudi" akakanyaga "ni". Alisema "asante, Mama" kama mtu anayeuliza swali. Haikuwa Kiingereza peke yake. Kiswahili, ambacho kilikuwa kimefungwa kamba, kilikuwa kimekata kamba. Na lugha yetu ya nyumbani, Kikipsigis, aliizungumza bila kukosa neno, lakini kwa wimbo ambao hakuna mtu wa kwetu anauimba.

Mama alinisukuma mgongoni. "Msalimie kaka yako."

Tulimpeleka kwa Kogo. Alikuwa ameketi kitandani, ameshika fimbo yake, amevaa sweta jipya. Kiprono akainama akamsalimia vizuri, kwa heshima yote. Kogo akageuza sikio. Kisha uso wake ukafunguka kwa upole ule aliowawekea watu wasiomhusu.

"Karibu, kijana," alimwambia. "Wewe ni wa nani?"

Baba akasogea kitandani.

"Mama, ni Kiprono," Baba akasema.

"Kiprono namjua. Huyu ni mtu aliyelelewa mbali."

"Mama, aliumia kichwa. Ndiye huyu."

"Msinidanganye kwa sababu sioni," Kogo akasema. Hakupaza sauti. Akaniagiza nilete maziwa ya kibuyu, mursik, yale yaliyowekwa kwa ajili ya wageni. "Mpe huyu kijana anywe. Ametoka safari."

Kiprono akapokea kikombe. Maziwa yale, yenye majivu ya mti tunayosugulia kibuyu, yakamchora mdomo wa juu. Alikunywa yote.

Daktari alikuwa amemweleza Baba, na Baba akatueleza sisi kwa maneno yake, kwamba kuna mahali ndani ya kichwa panapopanga sauti itembee vipi, na mahali hapo ndipo palipoumia. Akili yake ni nzima. Kumbukumbu zake zote zipo. Siku hizi nimesoma zaidi juu ya jambo hilo na najua limewapata watu wengine duniani. Wakati ule nilisikia maneno ya Baba na nikayaweka kando, kwa sababu mimi nilikuwa na elimu yangu, na aliyenipa elimu hiyo alikuwa Kiprono mwenyewe. Herufi ni zilezile, zimepangwa vilevile. Uzito umehama. Basi huyu ni mtu mwingine.

Sikumwambia mtu. Nilianza kulala nimejifunika kichwa. Mezani sikukaa upande wake. Alipokokota mguu kutoka chumbani nilizihesabu hatua zake kama neno, nzito, nyepesi, nzito, nyepesi, na halikuwa neno lolote nililolijua.

Watu wengine walikuwa na lao. Kanisani mhubiri mgeni alimsikia akisoma mstari wa Biblia, na baada ya ibada akamuuliza Baba, kwa nia njema tu, kama huyo kijana ni wa Uganda. "Ni wangu," Baba akamjibu, akatembea mpaka kwenye lori bila kutungoja. Sokoni vijana walimuuliza anatoka wapi. Alipowajibu kwa Kikipsigis walimsifu, wakamwambia amejifunza haraka. Kijana aliyezaliwa umbali wa kusikika kwa kengele ya kanisa kutoka hapo! Mama Moraa pekee, mama Mkisii aliyeuza ndizi karibu na kituo cha kukusanyia majani ya chai, ndiye hakuinamisha kichwa kando alipomsikiliza. "Mimi nimeuza hapa tangu nikiwa msichana," alimwambia siku moja nikiwa nimeshika mfuko, "na bado nikisema bei wananiuliza kwetu ni wapi. Utazoea. Chukua hizi mbivu." Nilidhani anamwambia hivyo kwa sababu na yeye amemtambua kuwa mgeni.

Baba aliendelea kuleta magazeti. Aliyaweka juu ya meza kando ya sahani ya Kiprono. Kiprono aliyakunja akayapeleka jikoni ya kuwashia moto.

Kwa Kogo alikwenda kila siku alasiri, kumpelekea chai. Kwa muda walijaribu kumwelewesha yule mzee, Baba kwa hasira, Mama kwa machozi, na Kiprono kwa kumkumbusha mambo waliyofanya wawili tu. Kogo aliyasikiliza yote. "Naona Kiprono amekusimulia mengi," akasema. Tangu hapo Kiprono hakubishana tena.

Siku moja nilikuwa nyuma ya nyumba ya Kogo nikitafuta kuku aliyeficha mayai, nikawasikia kupitia ukuta.

"Ulimwona?" Kogo alikuwa akiuliza.

"Nilimwona, Kogo."

"Anakula?"

"Anakula vizuri. Amenenepa kidogo."

"Mbona harudi?"

Nikasikia kikombe kikiwekwa chini.

"Kuna kazi anamalizia," sauti ile ikasema, ikipanda na kushuka ovyo. "Akimaliza atarudi."

"Mwambie mimi simkasirikii."

"Nitamwambia."

Nilikaa pale chini kwenye majani makavu. Sikusikia uongo wa huruma. Nilisikia mtu akikubali kwamba anajua Kiprono yuko wapi.

Nilimngoja kwenye kamba ya nguo. Alipotoka na birika mkononi nikasimama mbele yake, mdogo kama nilivyokuwa.

"Sema photographer," nikamwamuru.

Alinitazama. Nadhani alielewa mara moja, kwa sababu aliweka birika chini taratibu, akajipangusa mikono kwenye suruali kama mtu anayeitwa mbele ya darasa. Akajaribu. Uzito ukaenda mwisho. Akajaribu tena akipiga kiganja pajani, ukaenda mwanzo. Akakanyaga chini kwa mguu mzuri, ukamponyoka tena. Jasho lilimtoka puani.

"Sema present, ile ya zawadi."

Akasema ile ya kukabidhi.

"Wewe si yeye," nikamwambia. Nilikuwa nalia tayari. "Nimekusikia ukimwambia Kogo. Kiprono yuko wapi? Mwambie arudi."

Nilitarajia akasirike, au acheke, au amwite Mama. Alichuchumaa kwa shida, ule mguu mmoja ukibaki umenyooka kando, mpaka uso wake ukawa sawa na wangu.

"Chelangat," akasema, na jina likavunjika pale pale lilipovunjika siku zote. "Hata mimi namtafuta."

Mtu mzima angejua alichomaanisha. Mimi nilimwamini kama nilivyoyasikia maneno. Nikajipangusa kamasi na mkono wa sweta, nikafikiri. Ikiwa hata huyu anamtafuta, basi si adui. Na ikiwa Kiprono alipotea, alipotelea pale alipoonekana mara ya mwisho. "Twende kwa kalvati," nikamwambia.

Hakuuliza. Alinipa mkono, na kwa mara ya kwanza tangu arudi nikaushika. Tuliteremka katikati ya chai, njia ile nyembamba ya wachumaji, mimi mbele yeye nyuma, majani yakituloanisha mpaka kiunoni kwa sababu ilikuwa imenyesha asubuhi. Hatukukata neno lolote. Ukungu ulikuwa umeanza kupanda kutoka mtoni.

Kabla hatujafika barabarani nikasikia mtu anaita.

"Kiprono."

Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya chini, na ilikuwa na mwangwi wa kitu kitupu. "Ki-PRO-no." Uzito ulikuwa mahali pake. Nilivuka mstari wa mwisho wa chai nikaona kikapu cha kuchumia kimewekwa ukingoni mwa barabara, kimejaa nusu. Karibu nacho, kwenye nyasi za mtaro, alikuwa Mama. Alikuwa amepiga magoti, mkono mmoja umeshika ukingo wa saruji, kichwa kimeinama mbele ya mdomo wa bomba. Alikuwa akimwitia mwanawe humo ndani, kwenye giza lile lenye maji, kama anavyoitwa mtoto aliyejificha wakati wa chakula. "Kiprono, njoo. Njoo nyumbani, baba. Imetosha sasa."

Nilitaka kumkimbilia. Nilidhani basi sote watatu tunajua, tutamtafuta pamoja. Lakini mkono niliokuwa nimeushika ulikaza vidole vyangu mpaka vikauma.

"Mama," Kiprono akasema nyuma yangu. "Niko hapa."

Mama aligutuka kama aliyeguswa na moto. Alitazama nyuma, na kabla hajatuona vizuri, kabla hajapata nafasi ya kupanga uso wake, niliona kilichokuwa humo. Nilikijua, kwa sababu nililala nacho kila siku chini ya blanketi. Alikuwa anamwogopa.

Haikuchukua muda. Uso ulirudi kuwa wa Mama. Aliinuka, akakung'uta magoti, akasema alikuwa ameangusha kitu. Akauliza mbona tumeloa hivyo, tunataka kuugua? Akajitwika kikapu. Lakini nilikuwa nimeona, na nilipomtazama Kiprono nikajua na yeye ameona. Hakuwa analia. Alikuwa akilitazama lile bomba la saruji kwa makini sana, kama mtu anayeangalia mlango wa nyumba ambamo wengine wamealikwa.

Tulipanda nyumbani. Jioni hiyo Mama alimpakulia yeye kwanza, akamwekea nyama yote iliyokuwamo, akamwambia, "Kula, mwanangu." Alimpenda mpaka mwisho wa maisha yake, sina shaka hata kidogo. Alipougua, Kiprono ndiye aliyemtaka kando ya kitanda. Lakini tangu siku ile ya kalvati sikumsikia tena akitamka jina lake. Alimwita mwanangu. Alimwita wewe. Alinituma mimi, "Mwite kaka yako." Jina lenyewe alilikalia kimya, na hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini.

Kiprono hakurudi shule ile. Baadaye alijifunza kutengeneza redio na simu kwa fundi mmoja, akateremka Soin, ambako watu walimjua na sauti hii hii tangu siku ya kwanza na hawakuwa na nyingine ya kuilinganisha nayo. Nadhani ndiyo sababu alikwenda. Lakini kabla ya hayo yote Kogo alikuwa bado yuko.

Mvua ndefu zilipoanza alidhoofika. Aliacha kula ugali, akawa anakunywa uji tu, kisha uji nao ukamshinda. Alasiri moja nilikuwa namfunika miguu akanishika kifundo cha mkono. "Niitie yule mgeni," akasema.

Kiprono akaja. Akapiga magoti kando ya kitanda. Mimi nilisimama mlangoni kwa sababu hakuna aliyenifukuza.

"Kijana, wewe hutembea," Kogo akamwambia. "Mimi siwezi kumngoja tena. Utamwona Kiprono?"

"Nitamwona, Kogo."

"Basi nitakupa kitu chake. Usikipoteze njiani. Na usikifanye chako."

Alitema mate kidogo kiganjani, kama wazee wetu wafanyavyo wanapobariki, akanyoosha mkono hewani akitafuta. Kiprono akainamisha kichwa ukifikie. Vidole vya Kogo vikatua juu ya nywele zilizokuwa zimeota upya, vikatembea, vikafika kwenye kovu. Hapo vikasimama. Mpaka leo sijui vilisimama kwa nini, wala viliambiwa nini na lile kovu. Kisha vikaendelea mbele.

"Mwambie aote mizizi," Kogo akasema. "Mwambie akiongea asikilizwe. Mvua ya mawe impite kando. Watoto wake wamjue. Mwambie mimi nilimngoja bila hasira."

"Nitamwambia."

"Una moyo mzuri," akasema, akauondoa mkono. "Aliyekulea alikulea vizuri."

Kiprono alitoka nje akasimama kando ya kamba ya nguo, mikono ikining'inia. Nilimfuata. Chai ilikuwa imelowa, inang'aa mpaka mtoni.

"Umesikia?" akaniuliza.

"Nimesikia."

"Amesema nisikifanye changu." Midomo yake ilikuwa ikijaribu kucheka ikashindwa. "Sasa nitampata wapi, Chelangat?"

Nililifikiria jambo hilo kama mtoto aliyetumwa mahali na kifurushi akakuta mlango umefungwa. Sikuwa tena namwogopa. Sikuwa pia nimeamini kwamba ndiye. Nilikuwa katikati, na nadhani sijawahi kutoka hapo kikamilifu.

"Nipe mimi," nikamwambia. "Nitamwekea."

Hakucheka. Alinisogelea akikokota mguu, akatema mate kidogo kiganjani kama Kogo, akaniwekea mkono utosini. Nikafumba macho. Aliyarudia maneno yote, moja baada ya jingine, bila kuacha hata moja, na uzito wa kila neno ulianguka mahali si pake. Gizani humo sauti ilikuwa ya mtu nisiyemjua. Mkono nilikuwa naujua.

"Mshikie," akasema.

Kogo alifariki kabla ya wiki kuisha. Miaka imepita, tumemzika Baba na Mama pia, na Kiprono hajawahi kuniuliza kuhusu kile alichonipa, wala mimi sijajua nimkabidhi nani. Ninapokwenda saluni na msusi akaanza kunigawa nywele, kichwa changu huinama kando chenyewe mkono wake unapokaribia katikati. Yeye hunigombeza, "Dada, tulia." Natulia. Lakini pale utosini huwa namwomba apite polepole.